Madaktari Vijana wa Gisenyi na Adui Aliyengojewa Mpakani

Mji wa Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu, umekaa ufukoni mwa Ziwa Kivu, nao umeegemea mpaka kiasi ambacho mgeni hawezi kutambua mahali unapokwisha na mahali unapoanza mji wa Goma, nchini Kongo. Njia za kuvukia ni mbili. Moja ni ya kando ya ziwa, iitwayo Grande Barrière, na ya pili ni Petite Barrière, njia ya waendao kwa miguu, ambako makumi ya maelfu ya watu wamezoea kuvuka kila siku na vikapu vya nyanya, madumu ya maziwa, kuku, na watoto mgongoni. Wapo walalao upande mmoja na kufanya kazi upande wa pili. Wapo wanafunzi wavukao asubuhi kwenda shule na kurejea jioni. Kiswahili husikika pande zote mbili, na ndugu wa ukoo mmoja huzikana na kuozana bila kuujali mpaka.

Jumapili, tarehe 14 Julai, 2019, basi moja liliingia Goma kutoka Butembo. Miongoni mwa abiria alikuwamo mhubiri aliyekuwa na homa. Alikwenda kwenye kituo cha afya, wauguzi wakamtilia shaka, akapelekwa kwenye kituo cha matibabu ya Ebola, na damu yake ilipopimwa ikathibitika kuwa shaka ile ilikuwa ya haki. Alifariki dunia siku mbili baadaye, alipokuwa akirudishwa Butembo. Tarehe 17 Julai Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba mlipuko ule ni hali ya hatari kwa mataifa yote.

Maradhi hayo yalikuwa yamekwisha kuitesa Kivu ya Kaskazini na Ituri kwa karibu mwaka mzima, tangu yalipotangazwa tarehe 1 Agosti, 2018. Hadi yalipokomeshwa, tarehe 25 Juni, 2020, watu 3,470 walihesabiwa kuwa wameugua na 2,287 kati yao wakafa. Lakini kabla ya basi lile, Ebola ilikuwa habari ya misitu na milima ya mbali. Sasa ilikuwa imefika katika mji wa watu zaidi ya milioni moja, na kutoka mji huo hadi wodi za Hospitali ya Gisenyi ni mwendo ambao mama mwenye mtoto mgonjwa aweza kuutembea kwa miguu.

ZAMU YA USIKU

Katika hospitali za wilaya nchini Rwanda, mgonjwa ajaye usiku hapokewi na bingwa. Hupokewa na wauguzi pamoja na daktari wa zamu, ambaye mara nyingi ni kijana aliyetoka chuoni miaka michache tu iliyopita na ambaye bado anajifunza kazi kwa kuifanya. Bingwa, kama yupo, huitwa baadaye. Kwa hiyo yule mwenye uzoefu mdogo kuliko wote ndiye asimamaye lindo la mbele, na askari yeyote atalifahamu jambo hili bila kuelezwa.

Tuseme saa nane za usiku analetwa mwanamume mwenye homa. Kichwa kinamwuma, viungo vinamwuma, anatapika. Katika Afrika ya Mashariki jina la kwanza lijalo ulimini mwa kila mtu ni malaria, na mara nyingi jina hilo ni la kweli. Siku za mwanzo za Ebola hazina alama yake yenyewe. Ile damu itokayo puani na kwenye fizi, ambayo watu wengi hudhani ndiyo dalili kuu, huja baadaye, na kwa wagonjwa wengi haiji kabisa. Mgonjwa analalamika, nduguye amemshika bega, mtoto analia. Kila kitu alichofundishwa daktari kijana tangu mwaka wa kwanza wa chuo chamwambia amkimbilie mgonjwa, amshike mkono, amguse paji, amtafutie mshipa.

Hapo ndipo penye hofu halisi ya kazi hii, na ni tofauti kabisa na sinema. Wapenda sinema za hospitali wamezoea kuona madaktari wakikimbia huku koti jeupe likipepea nyuma yao. Mbele ya Ebola, daktari akimbiaye ndiye afaye. Ushujaa wake wote umo katika kuuzuia mkono wake kwa dakika chache, akasimama mbali kidogo na kuuliza. Umetoka wapi? Ulimwuguza nani? Ulihudhuria mazishi ya nani, na je, uliuosha mwili? Dakika hizo ni ndefu mno kwa mgonjwa, na pengine ni ndefu zaidi kwa yule aulizaye.

Majibu yakitia shaka, mgonjwa hutengwa na daktari huenda kuvaa. Vazi la kinga huvaliwa kwa utaratibu: mabuti ya mpira, glovu za ndani, ovaroli isiyopitisha maji, barakoa, miwani, kofia, aproni, na glovu za pili juu ya zile za kwanza. Mwenzake husimama kando akimkagua, kwa maana hakuna mtu awezaye kuuona mgongo wake mwenyewe. Ndani ya vazi hilo jasho hutiririka hata hapo Gisenyi, penye ubaridi wa ziwa. Miwani hufunikwa na ukungu. Baada ya muda wa saa moja hivi mtu huanza kupungukiwa na akili timamu, naye hutakiwa kutoka hata kama kazi haijakwisha.

Kuvaa si kitu. Hatari imo katika kuvua. Vazi lililokwisha kumgusa mgonjwa limekuwa kama bunduki iliyojazwa risasi, na sasa lazima livuliwe na mtu aliyechoka, aliyeloa, atamaniye kujikuna pua. Kila hatua ina maji ya klorini kabla yake na baada yake. Glovu za nje, kisha aproni, kisha ovaroli ikikunjwa kutoka ndani kwenda nje, miwani kwa kushika ukanda wa nyuma huku macho yamefumbwa. Mwangalizi huitaja hatua moja moja kwa sauti, na mvuaji haruhusiwi kuitangulia sauti hiyo. Askari aliyefundishwa kufungua silaha gizani atatambua kwa nini mazoezi haya hurudiwa mara nyingi hadi yanachosha.

Serikali ya Rwanda haikungoja mgonjwa wa kwanza. Kuanzia Aprili 2019 chanjo dhidi ya Ebola ilianza kutolewa kwa wafanyakazi wa afya walio karibu na mpaka. Kituo cha matibabu kilijengwa Rugerero, nje kidogo ya mji wa Gisenyi. Kwenye njia za kuvukia ziliwekwa bomba za kunawia mikono na vyombo vya kupimia joto la mwili, na yakafanywa mazoezi ambamo mgonjwa wa kuigiza aliletwa ili ionekane kama kila mtu ajua mahali pake.

WANAFUNZI WA LACOR

Sababu ya bidii hiyo yafahamika na kila mtu aliyesoma historia ya maradhi haya. Ebola hupenda kuanza na wale waliojifunga kuitibu. Mjini Kikwit, Kongo, mwaka 1995, kati ya wagonjwa 315 walikuwamo wafanyakazi wa afya 80. Lakini kisa kinachowagusa zaidi vijana walio mafunzoni ni kile cha Gulu, kaskazini mwa Uganda.

Mwanzoni mwa Oktoba 2000, katika Hospitali ya Lacor, wanafunzi wa uuguzi walianza kufa. Hakuna aliyejua ni ugonjwa gani. Mkuu wa hospitali, Dakta Matthew Lukwiya, alikuwa Kampala akisomea shahada ya juu katika afya ya jamii. Alipoitwa alirudi kaskazini, akakaa usiku akisoma majalada ya waliokufa pamoja na vitabu vya tiba, akafikia jina ambalo hakuna aliyetaka kulisikia. Hakungoja barua zipande ngazi za ofisi moja hadi nyingine. Aliarifu wakubwa wa Kampala moja kwa moja, na sampuli za damu zilizopelekwa Afrika ya Kusini zikathibitisha kuwa ni Ebola.

Wauguzi waliendelea kufa. Novemba ilipofika, waliosalia waliingiwa na hofu na hasira, wakakusanyika wakitaka hospitali ifungwe. Lukwiya aliwasikiliza, akawaambia wazi kwamba atakayetaka kuondoka aondoke, bali yeye atabaki. Wengi walibaki pamoja naye. Kisha, usiku mmoja, muuguzi mmoja aliyekuwa mgonjwa alianza kutapika damu na kuhangaika kitandani. Lukwiya aliitwa kutoka usingizini. Alivaa vazi la kinga, lakini inasemekana kwamba usiku ule hakuvaa kinga ya macho. Tarehe 5 Desemba, 2000, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 43, akazikwa katika uwanja wa hospitali ile ile. Katika mlipuko huo waliugua watu 425 na wakafa 224.

Mtu aliyeandika kanuni za kujikinga kwa ajili ya wenzake, tena akazisimamia kwa ukali, aliuawa na pengo la upana wa macho mawili, katika haraka ya kumsaidia mwenzake.

SAA ZA TAREHE 1 AGOSTI

Tarehe 30 Julai, 2019, ilipatikana habari ya mgonjwa wa pili mjini Goma. Huyu alikuwa mchimba madini aliyetoka Ituri. Tofauti na mhubiri, alikuwa amekaa nyumbani mwake siku kadhaa huku akiugua, kati ya mke, watoto na jirani. Alifariki siku iliyofuata. Kisha ikathibitishwa kwamba mtoto wake ameambukizwa, na baadaye mkewe.

Asubuhi ya tarehe 1 Agosti mpaka wa Gisenyi ulifungwa. Wachuuzi walisimama na mizigo yao ya mboga zikinyauka juani, na wanafunzi wa upande mmoja hawakuweza kuingia madarasani upande wa pili. Ulifunguliwa tena siku hiyo hiyo. Wapo waliolaumu kufungwa kwake, wapo waliolaumu kufunguliwa. Wataalamu wa Shirika la Afya walikuwa wamekwisha kueleza kuwa mpaka ukifungwa watu hawaachi kuvuka, bali hupita vichochoroni, kusikokuwa na maji ya kunawa wala mtu wa kuwapima joto. Kwa mji kama Gisenyi hoja hiyo ina uzito. Tumbo halingoji tangazo.

Yule mke na mtoto walipona. Katikati ya Agosti walitoka kituoni mjini Goma wakiwa wazima, baada ya kutibiwa kwa dawa mpya za kingamwili. Moja ya dawa hizo asili yake ni damu ya mtu aliyepona Ebola huko Kikwit mwaka 1995, kazi iliyoanzishwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe wa Kongo pamoja na wenzake. Hii ilikuwa habari kubwa, kwa kuwa kabla ya hapo watu waliuona mlango wa kituo cha Ebola kama mlango wa kaburi, na mwenye homa alifichwa uvunguni kuliko kupelekwa huko.

Desemba 2019 chanjo ya pili ilianza kutolewa kwa wananchi wa Rubavu na Rusizi, katika kampeni iliyopewa jina la Umurinzi, ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa, kwa kuwa ni mlinzi yule yule. Ilichomwa mara mbili, sindano ya pili ikifuata baada ya siku 56.

Ebola haikuvuka. Hapana mgonjwa hata mmoja aliyethibitishwa nchini Rwanda katika mlipuko ule. Madaktari vijana waliokesha wakimngoja adui huyo walihamishiwa vituo vingine, wengine wakaenda kusomea ubingwa, na ugonjwa wa korona ukaja na shughuli zake.

ADUI ATOKA NYUMA

Tarehe 27 Septemba, 2024, Waziri wa Afya wa Rwanda, Dakta Sabin Nsanzimana, alitangaza kwamba nchini mwake umeingia ugonjwa wa Marburg. Huu ni ndugu wa damu wa Ebola, uliojulikana kwa mara ya kwanza mwaka 1967, wakati wafanyakazi wa maabara huko Ujerumani na Yugoslavia walipoambukizwa na nyani waliotoka Uganda. Dalili zake ni karibu zile zile, na siku za mwanzo hufanana na malaria vile vile. Chanjo za Ebola zilizochomwa mpakani hazikuidhinishwa kwa ajili yake.

Wala haukupitia Petite Barrière. Uchunguzi ulionyesha kwamba chanzo kilikuwa mchimba madini wa miaka 27, aliyeambukizwa ndani ya pango lenye popo walao matunda. Walinzi walikuwa wameelekeza macho magharibi, na adui akatokea chini ya ardhi ya nchi yenyewe, akaingia moja kwa moja katika hospitali mbili kubwa za mji mkuu, Kigali.

Humo alikuta kile alichokikuta mwenzake huko Gulu. Kati ya watu 66 waliothibitishwa kuugua, takriban asilimia 80 walikuwa wafanyakazi wa afya, wengi wao wahudumu wa vyumba vya wagonjwa mahututi. Karibu nusu ya wagonjwa wote walikuwa na umri wa kati ya miaka 30 na 39. Yaani ni kizazi kile kile cha wazamu wa usiku: madaktari na wauguzi walioushika mkono wa mgonjwa kabla hawajajua ni mgonjwa wa nini. Siku za kwanza vifo vilifuatana upesi, na wengi wa walioaga walikuwa wenzao waliokula nao chakula cha mchana.

Fikiria hali ya nyumba zao. Mtu aliyekutana na mgonjwa hufuatiliwa siku 21, akipimwa joto mara kwa mara. Katika siku hizo muuguzi mama hamkumbatii mwanawe, wala halali chumba kimoja na mumewe. Akipata homa ndogo usiku hajui kama ni baridi, ni malaria, au ni yenyewe. Wake wa askari waliopata kungoja habari kutoka mstari wa mbele wanazijua siku za namna hiyo, ila hapa tofauti ni kwamba anayengojwa yupo chumba cha pili, na sauti yake yasikika kupitia mlangoni.

Ndipo yalipoonekana matunda ya mazoezi yaliyodhaniwa kuwa yamepita bure. Walikuwapo watu waliojua kuvaa na kuvua, waliojua kuwatafuta waliokutana na wagonjwa, na maabara zilizoweza kupima kwa haraka. Chanjo ya majaribio ya Marburg iliwasili tarehe 5 Oktoba, dozi 700 za kwanza, na kesho yake ikaanza kuchomwa, siku tisa tu baada ya tangazo. Wa kwanza kuipata walikuwa wahudumu wenyewe. Wagonjwa walipewa dawa za kupigana na virusi, na zaidi ya yote walipewa uangalizi wa saa zote: maji ya mshipani yaliyopimwa, figo zilizosafishiwa damu, mashine za kupumulia.

Jambo hili la mashine lahitaji kuelezwa. Mgonjwa akishindwa kupumua, daktari hupitisha mpira kooni mwake hadi kwenye njia ya hewa. Ili kufanya hivyo huinama, uso kwa uso na kinywa cha mgonjwa, mahali penye mate na damu. Katika milipuko iliyotangulia barani Afrika, mgonjwa wa Marburg aliyefikia hali hiyo alihesabiwa kuwa amekwisha. Mwezi Oktoba wagonjwa wawili waliokuwa na viungo kadhaa vilivyoshindwa kazi waliwekewa mpira huo, wakaishi kwa mashine, kisha wakatolewa mpira wakiwa wanapumua wenyewe. Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Dakta Tedros Adhanom Ghebreyesus, alipofika Kigali alisema kwamba jambo hilo halijapata kutokea barani Afrika.

Mlipuko ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 20 Desemba, 2024, baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya. Waliofariki walikuwa 15, na 51 walipona. Nchini Angola, katika mlipuko wa mwaka 2004 na 2005, kati ya wagonjwa 252 walikufa 227. Kuilinganisha Uíge ya wakati ule, iliyotoka vitani, na Kigali ya 2024 si haki kabisa. Lakini tofauti hiyo si ya bahati tu.

Huko Gisenyi wavukaji wangali wengi, na daktari wa zamu angali kijana. Ila maswali yake ya mlangoni yamelazimika kuongezeka. Zamani, mgonjwa mwenye homa aliyesema kwamba hajavuka kwenda Goma alipitishwa ndani kwa moyo mweupe. Baada ya Kigali jibu hilo halitoshi. Anapaswa kuulizwa pia afanya kazi gani, nani anaugua nyumbani kwake, na kama katika majuma matatu yaliyopita ameingia mgodini au pangoni. Yote hayo huulizwa kutoka mbali kidogo, mikono ya daktari ikiwa imetulia kwanza.